Apu ya hali ya hewa kwa sisi waanika dagaa: nyota 2, na zote mbili ni za mwezi

Wadau, haya maoni nimekaa nayo toka masika nikisema nitayaandika nikitulia, na mtu anayeanika dagaa hatulii, kwaiyo naandika hivi hivi nikiwa nimesimama. Naanika dagaa kwenye mwalo mmoja huku Ilemela, Mwanza, mwaka wa nane sasa. Sio mtaalamu wa hali ya hewa. Ila mvua ikininyeshea saa nane mchana dagaa wakiwa wamekauka nusu ni hela yangu inaoza naiona, kwaiyo nikisema apu nimeitumia muelewe nimeitumia kweli, sio kuifungua mara mbili kuangalia nyuzijoto za kuposti. Vuli nzima na masika nzima, kila siku saa kumi na moja alfajiri, karai mkono huu simu mkono ule, nasubiri boti ziingie.

Jina la apu silitaji, sitaki kesi, na kusema ukweli hata nikilitaja haitosaidia maana nyingi zinafanana, zinachota kisima kimoja. Nitaeleza huko mbele.

Kwa ambao hamjui hii kazi: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafika alfajiri wabichi, tunawanunua kwa ndoo na hapo saa inaanza kukimbia. Ukiwatandaza mapema kwenye chanja au juu ya nyavu chakavu mchangani, jua likiwa kali, jioni unawaanua wakavu wanachakarika ukiwashika, rangi ya fedha, hao ndo dagaa wa kula, hao ndo wanaopanda gari kwenda Dar mpaka Kongo. Wakinyeshewa katikati mambo yanageuka. Wanapoteza ule mng'ao, wanakuwa wa njano, matumbo yanapasuka, vichwa vinachomoka, na harufu sina haja ya kuieleza. Hao wanaenda kwa watu wa chakula cha kuku, na bei ya kuku ni bei ya kuku.

Kwaiyo mimi utabiri siuulizi "kesho kutakuwaje". Nauliza kitu kimoja tu, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, hapa nilipo, patanyesha au hapatanyesha, nichukue ndoo ngapi.

Sasa kuna siku moja ya Novemba. Simu inaonyesha kijua kimechungulia nyuma ya kawingu, pembeni 20%. Bei ya dagaa siku hiyo ilikuwa imeshuka, nikaona leo ndo leo, nikachukua ndoo nyingi kuliko kawaida yangu. Saa nne kweupe. Saa tano na nusu nafungua simu tena, bado kijua. Mi nimekaa naangalia ziwa, nchi kavu ipo mgongoni, yule binti ananisaidia kazi ananiambia "Dada, hilo wingu la kule nyuma linakua." Nikamjibu, na haya maneno hua yananirudia usiku, "Simu imesema halinyeshi." Saa saba na robo upepo wa baridi ukatupiga mgongoni kama mtu kafungua friji, turubai likaruka, na kabla hatujafika kwenye chanja ya tatu matone makubwa makubwa yakaanza, yale yanayochimba mchanga. Tulianua nusu. Nusu nyingine waliliwa na kuku wa watu.

Kilichoniuma zaidi ni usiku. Nafungua simu nakuta ile siku imeshawekewa picha ya mvua na radi. Yaani imebadilisha jibu baada ya mtihani kuisha!

Hapo nikakasirika nikaanza kusoma, nikimaliza bando kwa hasira. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba 20% nilikuwa naisoma vibaya toka nizaliwe. Nilidhani maana yake ni kamvua kadogo. Wengine wanadhani ni asilimia 20 ya siku. Kumbe ni kwamba ukichukua siku kumi zinazofanana na hii ya leo, mbili kati yake hapo ulipo zitapata mvua, na haisemi ndogo au kubwa. Siku yangu ilikuwa mojawapo ya hizo mbili. Kwaiyo kihesabu apu haikudanganya, na hilo ndo linaniudhi zaidi, bora ingedanganya tukajua.

Kitu cha pili ndo kikubwa. Hizi apu za bure nyingi haziiangalii Mwanza, hakuna mtu aliyekaa sehemu akatazama anga lenu. Zinachukua mahesabu ya kompyuta kubwa za nje, kuna mfumo wa Marekani unaitwa GFS ambao data zake ni bure kwa yeyote, na kuna wa kituo cha Ulaya nao unatumika sana. Hiyo mifumo inaigawa dunia nzima kwenye viboksi, wa Marekani boksi moja lina kama kilomita 13 kila upande, wa Ulaya kama 9, na ndani ya boksi jibu ni moja. Sasa wingu la radi la mchana linaweza kuwa na upana wa kilomita tano mpaka kumi, linazaliwa, linanyesha na kufa ndani ya saa moja hivi. Mnaona shida ilipo? Ni kuvua dagaa kwa nyavu ya sangara. Kompyuta inajua kwamba leo hewa ina unyevu na joto la kutengeneza mawingu ya radi, hilo inajua vizuri tu, ila litamwangukia nani haijui, kwaiyo inakupa asilimia na kijua. Na hayo mahesabu yanapigwa upya kila saa sita, yanaanzia hali ya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa saa zetu, halafu yanachukua masaa kadhaa kukamilika. Mimi ninayefungua simu saa kumi na moja alfajiri nasoma kitu kilichotokana na anga la saa tatu usiku wa jana. Nikajiona mjinga kidogo.

Af ziwa letu nalo lina mambo yake. Ziwa Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800, hilo sio bwawa, linajitengenezea hali yake ya hewa lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote kuingia ziwani, unakutana huko kati, hauna pa kwenda zaidi ya kupanda juu, na kinachopanda kinakuwa wingu. Ndo maana radi za ziwani nyingi ni za usiku mpaka alfajiri na ndo zinazoua wavuvi. Mchana inageuka, nchi kavu inachemka, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, mawingu yanajengeka nyuma yetu juu ya nchi kavu. Huo huo upepo wa ziwa ndo unaosaidia kutengeneza ile mvua ya mawe inayopiga chai ya Kericho huko Kenya. Kwaiyo kwa kifupi mvua ya mvuvi ni ya usiku na mvua ya muanikaji ni ya mchana, japo kuna asubuhi ile ya usiku inachelewa kwenda kulala inatufikia hapa ufukweni. Na mimi kumbe miaka yote nilikuwa nimekaa naangalia ziwa wakati mwizi wangu anatokea mgongoni.

Sasa nije kwa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, maana huwezi kuiponda apu bila kusema mtu atumie nini.

Taarifa yao ya kila siku ni ya saa 24 kuanzia saa 3 usiku, ni ya Kiswahili, imepangwa kwa mikoa. Nilikuwa naidharau kwasababu lugha yake inaboa, "hali ya mawingu kiasi, mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua". Nikawa nasema hii ni sentensi ya kukwepa lawama, humo ndani kuna jua, mawingu na mvua, sasa watakosaje, hata mama mkwe wangu anaweza kutabiri hivyo. Nikaja kugundua ukiisoma kila siku, yaani KILA siku sio siku unayoanika tu, unaanza kusikia tofauti. Siku "maeneo machache" yanapogeuka "baadhi ya maeneo" mi napunguza ndoo. Na neno ambalo nilikuwa nalipita kama sijaliona ndo lenye mzigo wote, ngurumo. Wingu linalopiga radi ni aina moja tu duniani. Kwaiyo wakisema mvua pekee na wakisema mvua na ngurumo wanaongelea mawingu tofauti kabisa, la kwanza linaweza kukulowesha, la pili linakulowesha, linakupeperushia turubai na linaweza kukuua. Hiyo sentensi inayoboa ilikuwa inaniambia aina ya wingu muda wote.

Kuna na zile rangi. Angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu, wanazitoa za siku tano mbele. Mvua kubwa kwao ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na kama milimita hazikupi picha, milimita moja ni lita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba. Kwaiyo milimita 50 ni kama mtu amemwaga ndoo mbili na nusu za lita ishirini kwenye kila mita ya mraba ya chanja yako. Siku ya angalizo la mvua kubwa sinunui hata dagaa wakitolewa bure.

Kwa wavuvi kuna utabiri wa ziwa wenyewe, upepo na mawimbi, na ule mradi wa HIGHWAY ulioratibiwa na WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kuanzia 2017 ulikuwa na lengo hilo hilo, watu wa ziwani Tanzania, Kenya na Uganda wapate tahadhari kabla hawajaingia majini. Mwanza pia kuna rada. Hii ni tofauti kubwa sana na apu, rada inaona mvua iliyopo, haikisii. Nyota 4 kwa TMA kwa kazi yangu. Ya tano nimeibakiza kwasababu sentensi ni ya mkoa mzima, na mkoa wa Mwanza unatoka Ukerewe kisiwani mpaka Kwimba ambako hawajui hata dagaa mbichi anafananaje (wa Kwimba mnisamehe, natania). Hilo sio kosa la mtu, ndo kazi ilivyo, utabiri wa mkoa hauwezi kukuambia chanja yako. Hapo katikati, kati ya sentensi ya mkoa na chanja yako, kuna kitu kimoja tu cha kutumia nacho ni shingo. Inua kichwa.

Na mtu asiniletee hapa ile methali ya dalili ya mvua. Mawingu gani? Yapo ya aina kumi kwenye atlasi ya WMO, na mengi kati ya hayo hayana mpango wowote na wewe.

Majina yake ni ya Kilatini, aliyeyaanzisha ni mfamasia mmoja wa London, Luke Howard, mwaka 1802. Usiogope, ni maneno manne tu yanachanganywa. Kumulasi ni lundo, stratasi ni tandiko, sirasi ni unywele, nimbasi ni mvua. Ukiona kumulonimbasi ujue ni lundo la mvua. Mi mwenyewe niliishia form two na nimeelewa.

Ya juu kabisa ni sirasi, yale manyoya meupe kama mtu kapitisha ufagio angani mara moja. Ni barafu tupu, huku kwenye joto yanaweza kukaa kuanzia kilomita 6 mpaka 18 juu, anika tu dagaa zako. Yakitandaa kama shuka jepesi jua linavaa pete. Ile pete ni nyuzi 22 kutoka kwenye jua, nyoosha mkono mpaka mwisho, tanua vidole, kidole gumba kizibe jua na kidole cha mwisho kitagusa pete, nimejaribu ni kweli, ila usilikodolee jua macho. Wazee wa hapa wanasema pete ni mvua ndani ya siku tatu. Vitabu vya Wazungu navyo vinasema hivyo, lakini wao wana mvua zinazokuja kwa foleni, hewa ya joto inaipandia ya baridi na hilo shuka ndo linatangulia. Huku kwetu hatuna mvua za foleni, shuka mara nyingi ni kichwa cha wingu la radi lililonyesha mbali huko likafa, likabaki kofia yake inaelea. Kwaiyo pete inakuambia habari za jana za watu wengine.

Ya kati ndo nayapenda. Altokumulasi (hilo "alto" la mbele linaonyesha tu ni wingu la kati), yale madongedonge madogo yaliyopangika kama magamba ya samaki au kundi la kondoo. Kuyatofautisha na yale ya chini nyoosha mkono tena uyapime, donge likizidi upana wa vidole vitatu ni la chini, likiwa kati ya kidole kidogo na vidole vitatu ni la kati, likiwa dogo kuliko kidole kidogo ni la juu. Madongedonge yaliyotulia hayana shida. Lakini kuna siku asubuhi nimefika mwaloni nikamkuta mzee mmoja wa boti anakunja taa zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Leo usichukue nyingi."

"Kwanini babu, mbona kuzuri?"

"Angalia yale ya katikati. Yana meno."

Kweli, ulikuwa mstari wa vidonge vyembamba na juu ya kila kimoja kumechomoza kinara, kama meno ya msumeno. Nikamdharau kimoyomoyo ila nikachukua ndoo chache kwasababu ni mzee. Saa tisa ikapigwa radi ya kufa mtu. Baadae nimesoma nikakuta yale yana jina kamili, kastelanasi, kutokana na minara ya ngome, na yanaonyesha kwamba hewa ya huko kati haijatulia asubuhi yote hiyo, jua likishachemsha chini vitu viwili vinakutana. Mzee huyo huyo ndo aliyeniambia ile ya pete ya jua, kwaiyo msimfanye mtume.

Kuna yale yanayogeuza jua kuwa kama taa nyuma ya kioo cha bafuni, unaliona lilipo ila kivuli chako hukioni chini. Altostratasi. Siku ya hivyo hainyeshi lazima ila dagaa hawakauki, na hilo kwetu ni tatizo lile lile limevaa nguo nyingine. Apu hapo inaandika "mawingu" na imemaliza kazi. Mawingu gani sasa! Kivuli kipo au hakipo? Hilo ndo swali la mkaushaji na hakuna apu inaniuliza. Stratasi na stratokumulasi za asubuhi, lile tandiko la kijivu la Juni na Julai, sina neno nalo, saa nne linapasuka lenyewe.

Sasa haya ya lundo, hapa tulieni maana ndo penye hela.

Kumulasi inaanza kama pamba, tako limenyooka utadhani limekatwa kwa kisu, juu mviringo. Ikiwa pana kuliko urefu wake ni wingu la siku nzuri, kaa uchague mawe kwenye dagaa. Ngoja mpaka saa tano au saa sita uiangalie tena. Ikiwa imeanza kuwa ndefu kuliko upana wake, pembe zake kali zinang'aa na zinachemka kama uji unavyofura kwenye sufuria, hilo linapanda na lina nguvu. Mi hapo nageuza dagaa haraka, nawaita watu, naweka turubai karibu. Chagua kitu kimoja kisichosogea, mti au nguzo, kaa sehemu moja, pima kichwa cha wingu kimefika wapi, hesabu dakika tano, pima tena. Binti yangu wa kazi alikuwa amefanya hivyo hivyo ile siku ya Novemba bila kufundishwa, alikuwa ananiambia linakua, na mimi nikamjibu kwa simu.

Kikishafika juu kabisa kichwa kinapoteza ule ukali, kinakuwa kama manyoya, halafu kinatandazika pembeni kama chapati kwenye kikaango. Maana yake limegonga dari, huku kwetu dari ya mawingu iko kama kilomita 16 au 17 juu, haliwezi kupanda tena. Hiyo ni kumulonimbasi imekamilika na kama ipo upande wako hauna muda wa kujadili. Ule upepo wa baridi uliotupiga mgongoni ni hewa iliyopozwa na mvua inayoshuka kutoka huko juu, ikigonga ardhi inatapakaa mbele, kwaiyo ukiusikia ujue mvua ipo nyuma yake na una dakika tu. Usiku au ukiwa ndani tumia masikio, ukiona umeme hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikifika chini ya sekunde 30 lipo ndani ya kilomita 10, toka mchangani, achana na turubai, hata dagaa achana nao. Huku kwetu watu wanapigwa na radi wakiokoa vitu vya elfu ishirini.

Kitu kingine kilichonifurahisha, ripoti ya hali ya hewa wanayosoma marubani. Uwanja wa ndege wa Mwanza msimbo wake ni HTMW, ukiitafuta unaiona bure. Imejaa herufi, anga wanaligawa mafungu manane, FEW ni fungu moja mpaka mawili yamefunikwa, SCT matatu mpaka manne, BKN matano mpaka saba, OVC yote. Sasa katika aina zote kumi za mawingu ripoti hiyo inataja mbili tu kwa jina. TCU, ile kumulasi iliyopanda kama mnara, na CB, kumulonimbasi. Mengine yote yanahesabiwa tu mafungu na urefu, hayatajwi. Yaani rubani mwenye ndege ya mabilioni na mimi mwenye chanja tunaogopa mawingu yale yale mawili, nilicheka peke yangu. Na hiyo imeandikwa na kituo kilichopo hapa hapa chini ya anga letu. Siku hizi saa tano naichungulia kabla ya chai, nikiona CB nainuka bila kumaliza kikombe.

Wageni wa ziwa niwaonye pia, mkiona wingu jeusi linasimama kama moshi kutoka majini na halina tako wala kichwa, linayumba, hilo sio wingu. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanatoka kwa mabilioni. Funga mdomo, funga dirisha. Dagaa wenyewe wanakula mabuu ya hao wadudu kwaiyo tusiwalaumu sana.

Mama mkwe anatumia goti. Goti lake nalo nimelipima, linauma msimu wote wa mvua mfululizo, ni sawa na apu ingeandika 50% kuanzia Oktoba mpaka Mei, hukosi lakini hukusaidii. Halafu yeye ndo anapenda apu kuliko sisi wote, inaandika 14:00 anasoma saa kumi na nne, nimemuelekeza nimechoka.

Mtaniuliza kwanini sasa sijaifuta. Nilishaifuta mara moja, nikairudisha baada ya wiki kwasababu ya ukurasa mmoja ambao upo chini kabisa, unasogeza mpaka unapita matangazo mawili na ile ya kukuomba ulipie. Ukurasa wa mwezi. Dagaa wanafuata taa na taa inafanya kazi gizani, mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wengi wanalaza boti na mimi sina cha kuanika, kwaiyo kujua giza linaanza lini na mwezi unachomoza saa ngapi ni kujua lini nitafute hela ya kununulia mzigo. Na hapo hiyo apu haijawahi kukosea hata siku moja, hata dakika. Mwezi hautabiriwi, unahesabiwa, hauna maeneo machache wala baadhi ya maeneo. Nyota mbili hizo. Wangeiuza kama kalenda ya mwezi ningewapa tano na ningewalipa.